Kizibo cha kulia kinauma, cha kushoto nakikuta kwenye shuka

BARUA

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa miaka 34, nesi, naishi Tabata hapa Dar es Salaam na mume wangu na mtoto wetu wa kiume wa miaka minane. Tangu mwaka uanze nimepangwa zamu nyingi za usiku. Nafika nyumbani saa mbili na nusu asubuhi, naoga, nakunywa chai, saa tatu na robo niko kitandani. Mtoto anarudi kutoka shule saa tisa alasiri. Usingizi wangu wote uko hapo katikati, na hapo katikati ndipo fundi wa kuchomelea mageti aliye nyuma ya ukuta wetu anapowasha grenda.

Nilianza na pamba, haikusaidia kitu. Mwenzangu kazini akanielekeza duka la vifaa vya kujikinga kazini, wanakouza helmeti na maglavu, nikanunua vizibo vya masikio vya sponji, vile vya rangi ya chungwa vyenye ncha ya mviringo. Vilikuwepo vikubwa vyenye namba 33 kwenye pakiti na vidogo vyenye 29. Nikachukua vikubwa, maana bei ni moja, sasa kwa nini nichukue pungufu? Jozi kumi, shilingi elfu nane.

Siku mbili za kwanza nililala kama mtu aliyepewa dawa. Siku ya tatu mambo yakaanza. Ikifika kama saa tano naamka, sikio la kulia linauma kwa ndani, kama kuna mtu anasukuma kidole taratibu na hataki kukitoa. La kushoto haliumi hata kidogo, ila kizibo chake hakikai. Nakikuta kwenye shuka, siku nyingine chini ya kitanda. Nadhani tundu la kushoto ni kubwa kuliko hata hivyo vikubwa. Mimi natumia mkono wa kulia, na huwa nalala kwa ubavu wa kulia, kama hilo lina maana yoyote.

Nikajaribu kukipunguza unene cha kulia kwa wembe, nikakichonga pembeni kama penseli. Kiliniachia chembechembe sikioni, na grenda nikaisikia kama sijavaa kitu. Nikarudi kwenye kizima, maumivu yakarudi. Halafu kuna jambo jingine linaloniudhi: nikivaa nasikia moyo wangu na pumzi zangu, du du du, kama niko ndani ya pipa.

Mume wangu hataki kuviona. Anasema vitaniozesha masikio. Wiki mbili zilizopita mtoto aligonga mlango karibu robo saa, mpaka jirani akaja kunigongea dirisha. Mtoto hakusema neno, alikaa tu barazani na begi lake mapajani. Tangu siku hiyo nalala nusu, sikio moja liko mlangoni.

Muuza duka anasema vidogo hauzi kwa jozi, ni boksi zima la jozi hamsini, shilingi elfu arobaini. Ninunue? Au masikio yangu hayakuumbwa kwa vitu hivi? Au niombe nitolewe zamu ya usiku, japo posho yake ndiyo inayolipa ada ya mtoto?

Mlala Mchana,
Tabata, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole na kazi.

Umeniletea mambo matatu ndani ya bahasha moja: sikio linalouma, kizibo kisichokaa, na mtoto aliyekaa barazani na begi mapajani. Nitaanza na masikio, kwa sababu kwa namna unavyoeleza, sina hakika kwamba tatizo lako ni ukubwa wa kizibo. Huenda ni hilo. Huenda ni ubavu unaolalia na mkono unaotumia. Elfu arobaini ni hela, tusiitume dukani kabla hatujajua.

Tuiangalie hiyo namba kwanza. Hiyo 33 ni desibeli, yaani kiasi cha kelele ambacho kizibo hukipunguza, kilichopimwa maabara, kizibo kikiwa kimeingia vizuri kabisa. Nyumbani hakuna anayeipata yote. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulika na usalama na afya kazini, ilipendekeza namba ya vizibo vya sponji ikatwe nusu ndipo uikaribie hali halisi. Kwa hiyo tofauti ya 33 na 29 ni ndogo sana ukilinganisha na tofauti ya kizibo kilichoziba na kilichoacha upenyo. Kidogo cha 29 kilichokaa sawasawa kitakupa utulivu kuliko kikubwa cha 33 kilichoishia mlangoni mwa sikio. Wewe mwenyewe umeshaliona hilo. Ulipokichonga, ulikata njia ya sauti kuanzia nje mpaka ndani, grenda ikapita humo. Usikichonge tena pembeni, na chembechembe zile zisiendelee kuingia.

Sasa sikio la kushoto. Unasema kizibo kinatoka kwa sababu tundu ni kubwa. Inawezekana, lakini mara nyingi sana kizibo kinachojitoa chenyewe ni kile ambacho hakikuingia vya kutosha. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa kama sentimita mbili na nusu, haukunyooka, na upana wake ni milimita saba hivi. Kizibo kikubwa kikiwa kimetanuka kina milimita 12 hadi 14 upande mnene. Ukiingiza ncha tu, sponji inatanukia pale mlangoni, inakosa pa kushika, inajisukuma yenyewe kurudi nje. Ukigeuka mara mbili kitandani, iko kwenye shuka. Kizibo kidogo mno huwa na dalili nyingine: kinaingia bila shida yoyote, kinapotelea ndani, na hata baada ya dakika nzima ukikizungusha kwa vidole kinazunguka kirahisi, hakijashika.

Na kwa nini kushoto tu? Umesema unatumia mkono wa kulia. Kizibo cha sikio la kushoto kinapaswa kuingizwa na mkono wa kushoto, na mkono huo ndio mzito. Unakivingirisha nusunusu, unachelewa, kinatanuka kabla hakijafika. Ama unavusha mkono wa kulia mbele ya uso, kizibo kinaingia kimepinda. Hebu jiangalie kwenye kioo kesho unapokivaa.

Namna ya kukiingiza unaijua kuliko unavyodhani. Ukimtia mgonjwa mtu mzima dawa ya sikio unafanyaje? Unalivuta sikio juu na nyuma, mfereji unanyooka. Ni hivyohivyo. Nawa mikono, ikauke kabisa. Kivingirishe kizibo kati ya dole gumba na vidole viwili, taratibu mwanzoni, kisha ukizidisha mkazo, mpaka kiwe chembamba kama mrija wa soda na kisiwe na mkunjo hata mmoja. Usikibonyeze kama unakamua ndimu. Mkunjo ni upenyo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, ulivute sikio juu na nyuma, halafu kisukume kizibo ndani mara moja. Kwa joto la Dar una sekunde chache tu, maana sponji ikipata joto inalainika na kutanuka haraka. Kisha weka ncha ya kidole juu yake, usikisukume tena, kishikilie tu kwa sekunde 30 kamili. Watu wengi huachia kwenye sekunde ya tano, na hapo ndipo kizibo kinapoanza safari ya kurudi.

Kupima kama vimeziba, washa feni, maana inakupa sauti isiyobadilika. Ukiwa na vizibo vyote viwili, funika masikio kwa viganja, halafu funua. Kama sauti ya feni inabadilika sana ukifunika, kuna sikio linalovuja. Funika moja moja utalijua ni lipi. Sauti yako nayo ni kipimo. Ukisema neno likasikika zito, limejaa kichwani, sikio limeziba.

Hapo tumeingia kwenye du du du yako. Sikio likizibwa, sauti za mwilini ambazo kwa kawaida hutoka nje kupitia mlango wa sikio zinakosa njia, zinabaki ndani. Kizibo kinapokaa mlangoni pipa linakuwa kubwa zaidi. Kikiingia ndani zaidi linapungua. Kwa hiyo hata hili nalo linanielekeza kulekule, kwamba huenda viko juujuu. Haliishi lote. Feni ikiendelea kuvuma chumbani husaidia masikio yapate kitu kingine cha kusikiliza, ingawa wapo wasioweza kuuzoea mvumo wa moyo hata baada ya wiki kadhaa, na hawana kosa.

Sikio la kulia ndilo linalonipa mashaka zaidi, kwa sababu linauma, na maumivu si kitu cha kuzoea. Nauliza: linauma pia siku unapolala chali au kwa ubavu wa kushoto? Barua yako haikusema. Kizibo chako kina urefu wa kama milimita 24. Kikibaki nje hata milimita nne au tano, mto unakisukuma ndani saa zote, kichwa kizima kikiwa juu yake. Saa mbili hivi za kulalia kitu cha namna hiyo, saa tano ikifika, lazima uamke. Kama ndivyo, dawa si kukipunguza unene, ni kukipunguza urefu, na upande unaokatwa ni ule bapa wa nje, kamwe si ncha ya mviringo. Kata kwa mkasi mkali milimita tatu, mkato mmoja ulionyooka, ujaribu. Kikizidi, kata mbili tena. Ukishakivaa kinapaswa kuwa sawa na kile kinundu kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio, bila kukipita, lakini kibaki kiasi cha kushikika kwa ncha za vidole viwili. Hatari ya kukata ni kuzidisha. Kizibo kilichozama hakitoki kwa kucha, na hapo mtu huanza kutafuta pini ya nywele.

Ila kama linauma hata ukilala chali, na kizibo ukikivingirisha vizuri bado nusu yake inabaki nje, basi huo mfereji ni mwembamba, na kweli unahitaji kizibo kidogo, chenye milimita 10 au 11. Mifereji ya wanawake wengi ni myembamba kuliko ya wanaume, na vizibo vingi madukani vimelenga mafundi wanaume. Masikio mawili ya mtu mmoja nayo hayalazimiki kulingana. Unaweza kuishia kidogo kulia, kikubwa kushoto, na hakuna ubaya. Kuna pia suala la ugumu. Sponji zote si moja: zile ngumu za mcheduara zinasukuma ukuta wa mfereji kwa nguvu, laini zenye ncha ya mviringo zinasukuma kidogo. Vyako tayari ni vya aina laini, kwa hiyo hapo hakuna pa kushuka sana.

Naomba ufanye majaribio matatu kwenye usingizi wa siku tatu tofauti. Siku ya kwanza vaa kama nilivyoeleza, bila kukata kitu, ulale kwa ubavu wa kushoto au chali. Mto uweke nyuma ya mgongo usijigeuze. Siku ya pili kata milimita tatu cha kulia, ulale ubavu wako wa kawaida. Siku ya tatu tafuta jozi moja ya vidogo. Usinunue boksi. Mwambie muuza duka unataka jozi mbili za kujaribu ndipo uchukue boksi. Akikataa, tafuteni wanne pale kazini mlinunue kwa kuchanga. Zamu ya usiku huna peke yako, na jozi hamsini ni nyingi kwa mtu ambaye huenda akagundua hazimfai.

Na kila unapovitoa, kisome kizibo. Usikichomoe kwa pupa, maana kimeziba na kinavuta hewa. Kizungushe polepole huku ukitoa. Kisha kiangalie papo hapo, kabla sponji haijarudi, una sekunde kadhaa. Kilichokaa vizuri kimebanwa sawasawa karibu urefu wake wote. Kilichobanwa kwenye ncha tu, milimita tano sita, hakikuingia. Chenye mkunjo mrefu ubavuni kilikunjamana wakati wa kuvingirisha. Kilichobanwa sana mpaka kimebaki mche mwembamba usiotaka kurudi, na sikio linauma, ni kikubwa kwako.

Hofu ya mumeo kuhusu kuoza isikuchekeshe, ina punje ya ukweli ndani yake. Sikio hujisafisha lenyewe kwa kusukuma nta nje, na ukiliziba kwa muda wa saa sita kila siku unalizuia, tena unairudisha nta ndani. Kwa watu wenye nta nyingi hugandamana. Unyevu na uchafu wa mikono nao huleta maambukizi ya mfereji wa nje. Kama umetoa vizibo na usikivu bado uko mzito, au kuna mwasho usioisha, au ukibonyeza kile kinundu panauma, au panatoka majimaji, vizibo vikae pembeni mpaka daktari wa masikio, pua na koo alitazame sikio. Na kwa kuwa chembe za sponji ziliingia kulia na kulia ndiko kunakouma, ningefurahi mtu akiangalia humo kwa otoskopu, kile kifaa chenye taa cha kutazamia ndani ya sikio, kabla ya jaribio la kwanza. Uko hospitali kila usiku, ni dakika mbili. Vijiti vya pamba usiviguse. Vizibo vyenyewe vikae kwenye kichupa chenye tundu la hewa, na vikishakuwa na mafuta, vikagumu au vikakataa kurudi umbo, ni vya kutupa. Kuviosha naona hakuna faida; sponji ikishaoshwa mara mbili tatu haitanuki tena kama ilivyokuwa.

Mtoto sasa. Hapa ukubwa wa kizibo hauna jibu, na ukifanikiwa kwenye masikio, hili linazidi. Grenda ni sauti kali nyembamba, na sponji inaikata vizuri kuliko inavyokata mvumo mzito wa jenereta au sabufa. Bahati mbaya, kengele ya simu na sauti ya mtoto nazo ni nyembamba. Zitakatwa pamoja. Kwa hiyo usitegemee sikio. Simu inayotetemeka chini ya mto, isiwe kwenye chaji kwa sababu ya joto, ukiiweka saa nane na nusu, inakuamsha kabla hajafika. Saa ya mkononi inayotetemeka ni nzuri zaidi, ingawa ni gharama. Hiyo inatatua siku ya kawaida. Haitatui siku aliyorudishwa saa tano kwa sababu ya homa. Kwa siku hiyo anatakiwa mtu: jirani yule yule aliyekugongea dirisha, ukimwomba rasmi na ukimwachia ufunguo, au mtoto mwenyewe awe na wake, kama unaona umri wake unaruhusu.

Wapo wanaovaa kizibo kimoja tu, sikio la juu, na la chini wakalizika kwenye mto. Kwa ubavu wako ina maana kizibo kinakaa kushoto na kulia kunapumzika kabisa. Maumivu yanaisha hapo hapo. Unachopoteza ni utulivu, maana mto hauzibi kama sponji, na ukigeuka grenda inakuingia wazi. Lakini kwa mama anayelala sikio moja liko mlangoni, pengine kusikia kidogo ndiko kutakakompa usingizi mzito zaidi.

Kuhusu zamu, sitakusogeza upande wowote. Posho ile ina kazi yake na wewe ndiye unayejua hesabu ya nyumba. Ninachouliza ni kama fundi wa nyuma ya ukuta ameshawahi kujua kwamba kuna mtu amelala hapo mchana. Kuchomelea kwenyewe hakuna kelele nyingi, kelele ni kukata na kusaga. Wapo mafundi wanaoweza kupanga kukata chuma mapema asubuhi wewe ukiwa njiani, na wapo wasioweza kwa sababu mteja anasubiri pale pale. Nenda siku ambayo hujachoka, umpelekee salamu kwanza. Serikali ya mtaa na NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, zipo kwa ajili ya kelele zilizozidi, lakini ukianza nazo, mlango wa ujirani utafungika na grenda itaendelea mpaka shauri liishe.

Niandikie baada ya hizo siku tatu. Kizibo cha kulia ukikitoa, kitazame kwenye mwanga wa dirisha kabla hakijatanuka, uniambie kimebanwa mpaka wapi. Na uniambie siku ile ulilala ubavu gani.

Anti